Kabla Ng'ombe Hawajafika kwa Baba

Kama Baba Mdogo Japheth angejua kukata simu vizuri, mimi ningeolewa na mwanamume nisiyemjua, tena kwa vigelegele.

Jumamosi ile kwetu Vihiga wazee walikuwa wamekaa kwa kina Josphat, mchumba wangu, kwa mambo ya mahari. Sisi wawili wenye harusi hatukuwapo. Mimi nilikuwa Riyadh, mtaa wa Al-Malqa, napiga pasi kanzu za Baba, mume wa madam wangu. Josphat alikuwa Jeddah, kwenye kibanda chake pale bandarini, anakagua namba za makontena yanayoingia na kutoka. Siku hizi ndivyo tunavyoposana sisi tulio Uarabuni. Wazee wanakaa sebuleni, simu inaegemezwa kwenye chupa ya chai, na wachumba wanasikiliza kutoka mbali huku kazi zinaendelea. Ukiulizwa unaitika, usipoulizwa unanyamaza.

Walipatana vizuri. Wakaomba, wakasema amina, wazazi wangu wakatoka nje kula na wageni wengine. Mimi nikazima kamera, nikatia simu mfukoni, waya bado masikioni, nikaendelea na kola. Baba Mdogo Japheth, msemaji wa upande wa kina Josphat, akaubonyeza ule uso wa simu kwa kidole chake cha jembe akadhani amekata. Wapi! Na Josphat naye hakuangalia nani amebaki.

"Sasa Josphat." Ilikuwa sauti ya mama yake, Mama Rael. "Ng'ombe wanaenda kwa kina Jael Jumamosi ijayo. Kabla hawajatoka hapa nataka nisikie kwa kinywa chako. Huyu msichana akishaolewa ataendelea kukaa kwa Waarabu akipikia watu, au atakuja hapa akae kama wake za wenzako?"

Na Josphat wangu akajibu upesi, hata pumzi hakuvuta.

"Ataacha kazi, Mama. Harusi ikiisha atabaki hapo nyumbani na wewe."

"Umesema mbele ya baba zako wadogo."

"Nimesema mbele yao."

Pasi ikaunguza kola ya Baba. Nilisikia harufu kabla sijaona moshi.

Sasa wewe unayesoma, nikuambie kilichoniuma. Siku tatu tu kabla ya hapo nilikuwa nimempigia Josphat nikilia kwa furaha. Nimefanya kazi kwa Madam Hessa miaka sita. Niliingia nyumba ile kama msichana wa kufua na kudeki, nikilala chumba cha kando ya mashine ya kufulia. Nikajifunza kupika, kidogo kidogo, mpaka wageni wakawa wanauliza nani kapika. Madam akafungua biashara ya kupikia shughuli, harusi na mikusanyiko ya wanawake, na mwezi ule akaniita: "Jael, jiko nakuachia wewe. Utakuwa na wasichana watatu chini yako. Kibali chako cha kukaa, ikama, tunabadilisha, kitaandikwa mpishi mkuu." Nikampigia Josphat. Akacheka, akasema, "Hongera, mpishi wangu! Najivunia wewe." Mdomo ule ule!

Na kwetu neno lililosemwa kabla ya ng'ombe linakwenda na ng'ombe. Wakishaingia kwenye boma la baba yangu, hakuna wa kusema hakusikia. Ningedai nini tena? Ningekuwa nimeuzwa na neno la mtu niliyempenda kuliko wote.

Sikumpigia. Nilinyamaza siku sita. Mimi, Jael, ambaye mama yangu husema nilizaliwa nikiwa naongea, nilinyamaza siku sita nikimjibu kwa "sawa" na "usiku mwema". Shule zilikuwa zimefungwa na familia ilikuwa inakwenda Jeddah mapumzikoni. Wao walipanda ndege. Mimi nilikwenda na mizigo kwenye gari, pamoja na dereva wao Lawrence, Mkenya mwenzangu wa Kitale, na njia nzima ya jangwa nilikuwa napanga maneno yangu. Lawrence akaniuliza mara mbili kama naumwa. Nikamwambia naumwa na mtu.

Ijumaa, siku moja kabla ya ng'ombe, madam alinipa ruhusa.

"Yalla, nenda ukamwone mchumba wako," akasema. "Lakini saa kumi na mbili uwe umerudi. Tuna wageni."

*

Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa kwenye benchi kule ufukweni, upande usio na watu wengi, amevaa shati jeupe lililonyooshwa mpaka mikunjo inaonekana kwa mbali. Amekaa wima, magoti pamoja, kwenye mapaja amepakata bakuli kubwa lililofungwa kwa taulo. Kila mwanamke akipita na abaya nyeusi, Josphat alimtazama usoni haraka, kisha akatazama chini kwa aibu. Alikuwa ananitafuta.

Miezi minane sikuwa nimemwona. Nilikuwa nimesahau urefu wa kope zake. Nilikuwa nimesahau anavyosimama, kwamba akisimama hunyosha shati kwanza ndipo atabasamu. Alisimama, akanyosha shati, akatabasamu, na yale maneno yangu yote ya jangwani yakaanza kupotea moja moja. Nilimpenda. Hilo nalisema wazi kwa sababu lingekuwa jambo rahisi sana kama nisingempenda.

Hatukushikana hata mikono. Mahali pa watu, na hatujaoana. Tulisimama tukatazamana tu, tukicheka kama wajinga.

"Umekonda," akasema.

"Na wewe umenenepa. Nani anakulisha?"

"Mimi mwenyewe na wenzangu!" Akakaa, akaniachia nafasi, bakuli likawa katikati yetu. "Tuko watatu kwenye nyumba ya kampuni. Cliff, Norman na mimi. Zamu imebandikwa kwenye friji. Jumanne ni yangu. Norman akipika tunasali kwanza." Akafungua taulo. "Leo si zamu yangu, lakini nimeamka alfajiri kwa ajili yako. Onja. Usinihurumie, onja kama mpishi."

Zilikuwa chapati na ndengu. Nikachana kipande. Tabaka ziliachana zenyewe, laini, mafuta kiasi, chumvi ndani ya unga na si juu. Ndengu zilikuwa na dania na nyanya iliyopikwa ikaiva. Nimefundisha wasichana wawili kupika chapati na hakuna aliyefika hapo. Nikatafuna, machozi yakanijia, nikajikasirikia.

"Mbaya?" akauliza kwa wasiwasi.

"Nzuri. Tena nzuri sana, na hilo ndilo linaloniudhi."

"Sijakuelewa."

"Josphat, nani ameacha kazi?"

Akakunja uso. "Kazi gani? Nani?"

"Mimi nakuuliza wewe. Jumamosi iliyopita, baada ya maombi. Baba Mdogo hakukata simu."

Kuna kimya cha mtu anayefikiri na kuna kimya cha mtu aliyefumaniwa. Hiki kilikuwa cha pili. Mkono wake uliokuwa unakunja taulo ukaachia.

"Ulisikia."

"Mpaka yule aliyesema 'sasa amejibu kama mwanamume' nilimsikia."

"Jael, yale yalikuwa maneno ya kumtuliza Mama tu. Unamjua Mama. Kesho ng'ombe waende, harusi ifanyike, halafu mimi na wewe tukae chini tuelewane taratibu."

"Taratibu vipi? Wewe uko Jeddah na ikama yako mfukoni, mimi niko Vihiga nawasha kuni jikoni kwa mama yako, madam ameshaandika mtu mwingine. Hapo tunaelewana nini? Na kama wewe ulikuwa unamtuliza Mama, mimi wa kunituliza ni nani?"

"Usipandishe sauti, watu wanatuangalia."

"Waangalie! Kiswahili hawakijui."

Mama mmoja aliyekuwa ameketi kwenye mkeka na wanawe akatugeukia, akamimina kahawa, akaendelea kutuangalia waziwazi. Josphat akashusha sauti yake mpaka ikawa ya kunong'ona.

"Wewe huelewi ilivyo kwa mwanamume. Nikiwaambia wale wazee mke wangu hatakaa nyumbani, watasema nimekaliwa na mwanamke. Hata kabla ya harusi, nimeshakaliwa! Nitawaangaliaje?"

"Jumanne nani anapika kwenu?"

"Si nimekuambia? Mimi."

"Shati hilo nani amepiga pasi?"

"Mimi."

"Choo nani anaosha?"

"Kwa zamu. Lakini Jael, huku ni tofauti. Huku hakuna wanawake."

"Kumbe!" Nikasimama. "Kumbe mikono yako inafanya kazi mahali ambapo mwanamke hayupo! Mimi nikiingia mlangoni inakufa ganzi. Basi nisiingie, Josphat. Nisije nikakulemaza."

"Hujanitendea haki."

"Na wewe umenitendea? Mwaka wangu wa kwanza hapa nilikuwa nalala muda wa saa nne tu usiku mzima, nikihesabu hiyo ni bahati. Nilikuwa nalia ndani ya mto ili madam asisikie. Jiko lile nimelipata kwa jasho. Kwa mara ya kwanza karatasi yangu itaandikwa kazi ambayo nimeichagua mimi, na wewe umeitoa kwa wazee kwa pumzi moja, hata hujaniuliza. Ungekuwa ni wewe umepandishwa cheo bandarini, mama yangu angeuliza utaacha lini?"

Akasema kitu ambacho kilinichoma kwa sababu kilikuwa kweli.

"Mama yuko peke yake, Jael, dada zangu wote wameolewa. Mgongo unamuua. Juzi ameanguka na ndoo ya maji. Mimi ni mtoto wake wa kiume wa pekee. Nani atamwinua?"

Nikakaa tena. Hilo la kuanguka sikuwa nalijua.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba nataka mke au nataka muuguzi?"

"Ungeniambia mama yako ameanguka! Tungetafuta njia wawili. Tungemtafutia mtu wa kumsaidia, tumlipe vizuri, tumheshimu, vile sisi wenyewe tunavyotaka kulipwa na kuheshimiwa huku. Hukunipa hata nafasi ya kumhurumia mama yako, Josphat. Ulinikabidhi tu."

Nikajifuta uso kwa kona ya ushungi. Saa yangu ilisema kumi kasoro dakika kumi. Vihiga pia ilikuwa kumi kasoro dakika kumi, saa zetu na zao ni moja, na nilijua kule watu wanahangaika kuandaa safari ya asubuhi.

"Nisikilize," nikasema, na sasa sauti yangu ilikuwa imepoa, ikaniogopesha mwenyewe. "Nakupenda. Sijawahi kumpenda mtu hivi na sidhani nitapata nguvu ya kupenda hivi tena. Lakini sitaolewa na neno lile. Ama uwapigie leo, hapa, nikisikia, uliondoe. Ama nampigia baba yangu kesho afunge lango la boma, ng'ombe wageuzwe njiani. Tutaaibika wote wawili, najua. Afadhali aibu ya siku moja."

Josphat akainuka, akaenda mpaka kwenye ukuta wa mawe. Akasimama amenipa mgongo, mikono kiunoni, shati lake limeanza kulowa jasho. Nikabaki na chapati zake. Sikutaka kuzila, nikazila. Nilikuwa nikilia na kula, na yule mama wa mkekani akamtuma bintiye aniletee kikombe cha kahawa na tende mbili. Nikasema asante kwa Kiarabu. Mwanamke akaweka mkono kifuani akatikisa kichwa, naye hakujua hata tulichokuwa tunagombania, au labda alijua.

Josphat alipogeuka macho yake yalikuwa mekundu.

"Unajua kwa nini nilijibu upesi vile?" akauliza. Hakukaa kwenye benchi. Alichuchumaa mbele yangu, mbali kidogo, kwa heshima. "Baba alipofariki nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa mwalimu. Anarudi jioni, mimi nimekaa mezani nangoja. Dada zangu wanakimbia huku na huku, mimi nangoja. Hakuna aliyeniambia inuka. Nikadhani mama yuko hivyo tu, kama vile jua liko hivyo. Sikuwahi kuona kama ile ni kazi. Juzi alipoanguka ndipo nikashtuka. Nikasema lazima apate mtu wa kumpumzisha. Na mtu wa kwanza niliyemtoa hakuwa mimi. Nilikutoa wewe. Nimekosa, Jael. Si kosa dogo."

Ningependa kuwaambia nilibaki na hasira. Sikubaki nayo. Nilitamani kunyosha mkono nimguse kichwani, pale nywele zinapoanzia, na nikaukalia mkono wangu.

"Piga simu," nikasema.

"Nikipiga, ukae karibu nami?"

"Niko hapa. Sijaenda popote."

*

Mama Rael alishika simu mara moja. Uso wake ukajaa kwenye kioo, kitambaa kichwani, nyuma yake jiko limejaa masufuria ya kuazima. Mapajani alikuwa na ungo wa maharagwe na alikuwa anachambua huku akiongea. Pembeni Baba Mdogo Japheth alikuwa anapima kamba za ng'ombe kwa mikono.

"Ooh, mko pamoja!" Mama Rael akafurahi. "Jael, habari za huko, mwanangu? Na naona bakuli. Umempikia! Asante sana. Huyu kijana alikuwa amekonda, nikawa nasema akipata mwanamke wa kumpikia atanawiri."

Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Nikamtazama Josphat. Hili lilikuwa jambo dogo, tena dogo sana, na angeweza kuliacha lipite kama alivyoacha mengine yapite.

"Hakupika yeye, Mama," Josphat akasema. "Nimempikia mimi."

Baba Mdogo akacheka. "Umepika nini wewe?"

"Chapati na ndengu, Baba Mdogo. Kila Jumanne napika, wenzangu wanakula. Nafua, napiga pasi. Miaka minne sasa."

"Huko ni huko," Mama Rael akasema, mikono haijasimama. "Ugenini mtu hufanya lolote. Hapa kuna mke."

"Hata hapo nitapika. Mama, nimepiga kwa sababu ya lile neno nililosema Jumamosi. Kwamba Jael ataacha kazi. Nilisema bila kumuuliza, na haikuwa yangu kusema. Naliondoa. Jael haachi kazi. Sitaki ng'ombe waende na uongo wangu."

Kamba zikaanguka. Sauti ya Baba Mdogo ikaja juu. "Neno la wazee linaondolewa? Wewe, kijana! Tumeshakubaliana mbele ya watu, leo unatuambia mambo ya pwani huko? Utachekwa kijiji kizima!"

"Wacheke, Baba Mdogo. Wakimaliza kucheka, mke wangu atakuwa bado na kazi yake."

Haki ya Mungu, alikuwa anatetemeka, nilimwona, lakini alisema.

"Nipe huyo msichana," Mama Rael akasema.

Josphat akanigeuzia simu. Mama Rael alinitazama kwa muda. Ni macho ya mwalimu yale. Unajikuta unakumbuka kazi ya shule ambayo hukufanya.

"Jael. Mimi nilifundisha miaka thelathini na mmoja. Naamka saa kumi alfajiri, nachota maji, napika uji. Natembea mpaka shule. Narudi na madaftari kichwani, nawasha moto, napika, naosha vyombo, nasahihisha kwa koroboi mpaka macho yanawaka. Sikumwona mwanamume jikoni kwangu hata siku moja, awe hai awe marehemu. Nilifanya yote hayo na sikufa. Wewe una nini cha zaidi?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na majibu kumi, nimeyapanga kutoka Riyadh, na mengine yalikuwa makali. Lakini nikaiangalia mikono yake. Alikuwa ananigombeza na bado anachambua, maharagwe mabovu huku, mazima huku, haikosei hata moja. Nikaona kwamba tangu tuanze kuongea hajapumzika hata kidole.

"Mama," nikasema. "Ulichoka?"

"Unasemaje?"

"Nauliza tu, Mama. Miaka yote hiyo. Ulichoka?"

Mikono ikasimama.

Baba Mdogo akakohoa. Hakuna aliyemjali. Mama Rael aliangalia ungo, kisha akaangalia pembeni, nje ya kioo, mahali ambapo sisi hatukuweza kuona.

"Siku ya kustaafu walinipa blanketi na hotuba mbili," akasema polepole. "Mkuu wa shule akasema mimi ni nguzo. Hilo unaloniuliza hakuna aliyeniuliza. Nilichoka, mwanangu. Kuna jioni moja nilikaa pale mteremkoni kabla ya kufika nyumbani, madaftari mapajani. Nikasema sitainuka. Giza linikute hapa hapa. Wakilala njaa, walale. Nilikaa kama saa nzima. Halafu nikainuka, nikaja nikasonga ugali nikiwa sioni vizuri kwa kulia." Akavuta pumzi. "Na Josphat akaniambia ugali ni mbichi."

Nilimsikia Josphat akitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Alikuwa ameziba uso kwa mikono yote miwili.

"Nisamehe, Mama."

"Ulikuwa mtoto. Nikusamehe nini? Mimi ndiye niliyekuacha umekaa mezani." Akajifuta jicho kwa mgongo wa mkono, kisha sauti yake ya darasani ikarudi. "Jael, na mgongo wangu? Nikianguka tena?"

"Tutakutafutia mtu, Mama. Mimi na Josphat wote wawili tutamlipa, kila mwezi bila kuchelewesha. Na Jumapili awe anapumzika."

"Apumzike? Siku nzima?"

"Siku nzima, Mama. Mimi najua inavyokuwa usipoipata."

Alinitazama tena, na safari hii macho yale yalikuwa mapole.

"Haya. Atapumzika. Japheth!"

"Naam, shemeji."

"Umeshika nini hapo?"

"Kamba za kesho."

"Ziweke chini. Njoo uchambue haya maharagwe."

"Mimi? Shemeji, mimi ni msemaji wa ukoo!"

"Utayachambua huku ukisema. Mimi naenda kulaza mgongo. Na kesho nitatembea na hao ng'ombe mwenyewe mpaka kwa kina Jael, niwaambie wazazi wake kwa mdomo wangu kwamba binti yao hajaachishwa kazi na mtu. Anayetaka kucheka anichekee mimi, nimesomesha nusu ya kijiji hicho, najua alama za kila mmoja." Akasogeza uso karibu na kioo. "Mwanangu, asante kwa kuniuliza."

Akaukabidhi ungo upande wa pili. Kitu cha mwisho tulichokiona ni uso wa Baba Mdogo Japheth ukiwa na maharagwe mbele yake kama mtihani. Hata safari hii, simu hakukata. Ilibidi Josphat akate yeye.

*

Tukakaa. Bakuli liliondoka katikati yetu, sijui nani aliliondoa. Alinipa lile taulo nijifute machozi. Lilinukia unga.

"Nimetetemeka kama jani," akasema.

"Nimekuona."

"Umenidharau?"

"Hapana. Ningejua unatetemeka hivyo na bado unasema, ningekupenda mapema zaidi."

Akacheka, kisha akawa makini. "Jael, kuna jambo sikuwaza. Nimekuwa nikisema harusi, harusi, na sikujiuliza tutaishi wapi. Wewe Riyadh na mimi Jeddah. Mke na mume wa kuonana mara moja kwa miezi minane?"

"Nami nilikuwa naliogopa hilo. Jiko la madam halitahamia Jeddah."

"Najua. Lakini Riyadh kuna bandari kavu. Makontena yanapelekwa kule. Kampuni yetu ina ofisi." Alinyosha shati. "Jumapili naandika barua ya kuomba uhamisho."

Sikuamini. "Wewe ndiye uhame?"

"Mimi ndiye nihame."

"Na wakikataa?"

"Nitaomba tena. Nikichoka kuomba, nitatafuta kazi nyingine kule kule. Mtaa wa Al-Dirah kuna maduka, siwezi kukosa stoo ya kusimamia."

"Josphat, watu watasema umemfuata mwanamke."

"Si nimemfuata kweli?"

Barabarani honi ililia mara mbili. Lawrence alikuwa ameegesha, amenyosha mkono dirishani akionyesha saa yake. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu, wageni wa madam walikuwa njiani, na mimi nilikuwa na mchele wa watu ishirini wa kuosha.

Nikasimama. Josphat akasimama. Alinitazama kama mtu anayesubiri namba yake iitwe, hana hakika kama iko kwenye orodha.

"Kwa hiyo lango?" akauliza. "Baba yako atalifunga?"

Nikatikisa kichwa. Nilimwambia nitaolewa naye. Nilimwambia mara mbili, maana mara ya kwanza sauti haikutoka.